Mgeni Wako Amefika Dar es Salaam: Umpeleke Wapi, Uache Wapi?

Mgeni akiingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, wenyeji wengi tunampeleka mahali ambako sisi wenyewe hatuna kawaida ya kwenda. Tunamzungusha kwenye gari lenye kiyoyozi, tunamwonyesha maghorofa ya Posta akiwa nyuma ya kioo, tunamlisha chakula ambacho angekipata hata Arusha au Nairobi, kisha tunamrudisha stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Picha zimejaa kwenye simu, jiji lenyewe hajaligusa. Binamu aliyetoka Tabora, rafiki aliyekulia Muscat, shangazi aliyeondoka zamani na kurudi akakuta maghorofa yameota kila kona: wote wanastahili zaidi ya hapo.

Shida ni kwamba siku huwa chache na foleni ni ndefu, kwa hiyo lazima uchague. Hapa naziweka sehemu mbilimbili, kila moja na mwenzake, nikisema ningeanza na ipi. Kipimo changu kikubwa ni hiki: watu wa Dar wanafika hapo kwa shughuli zao wenyewe, hata kama hakuna mgeni wa kutembezwa? Kama wanafika, mahali hapo panapanda juu. Zipo sehemu nitakazokiacha kipimo hicho, na nitaeleza kwa nini.

Kivuko au daraja

Kwenda Kigamboni kuna njia mbili. Daraja la Nyerere, lile linaloanzia Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680, magari hulipa tozo, na ukiwa ndani ya gari unavuka kabla hujamaliza sentensi. Kivuko kinaondokea Magogoni, jirani kabisa na Ikulu, na nauli ya mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi.

Kwa mgeni ambaye ana miguu yake salama, chagua kivuko bila kusita. Mnasubiri nyuma ya geti pamoja na wanafunzi, akina mama wenye ndoo, vijana wenye baiskeli na mikokoteni, wafanyakazi wa ofisini waliovua viatu vya kazi na kuvaa kandambili. Geti likifunguliwa umati unashuka kwa kasi, na mgeni anajifunza papo hapo kwamba Dar watu wanasogea pamoja na hawasukumani kwa chuki. Mpeleke upande wa juu, kwenye reli. Akigeuka nyuma anaiona sura ya mji inayokaa kwenye kumbukumbu: mapaa mekundu ya kanisa la Azania Front, mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi za Wajerumani, na nyuma yake vioo vya majengo marefu ya leo.

Akitazama upande wa bahari ataelewa pia kwa nini jiji liko hapa na si kwingine. Mlango wa bandari ni mwembamba sana. Meli kubwa ya makontena ikipita unahisi ungeweza kuongea na mabaharia wake. Ukishaingia ndani, maji yanatulia na kina kipo. Hicho ndicho alichokiona Sultani Majid bin Said wa Zanzibar miaka ya 1860, alipoamua kujenga kando ya kijiji cha Mzizima, na ndicho walichokifuata Wajerumani walipoyahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Maelezo haya ukiyatoa sebuleni mgeni atayasahau. Ukiyatoa mkiwa juu ya maji, kidole kikiuonyesha ule mlango, yanakaa.

Daraja lichague kama una mzee, mtoto mchanga au mizigo. Wakati mzuri wa kivuko ni kuanzia saa nne asubuhi, umati wa wanaowahi kazini mjini ukiwa umekwisha. Kuanzia saa kumi na moja jioni upande wa Magogoni hujaa watu wanaorudi Kigamboni, na hapo mgeni hatafurahia chochote. Simu iwe mfuko wa mbele, na mkumbushe mapema kwamba Ikulu haipigwi picha.

Samaki: Feri au Kunduchi

Soko la samaki la Feri liko hatua chache kutoka kivukoni, kwa hiyo safari hizi mbili zinaunganika vizuri. Nenda alfajiri, saa kumi na mbili ikiwezekana. Wakati huo boti zinaleta mzigo, mnada unaendelea kwa sauti kubwa, na jodari, nguru, kolekole, changu na pweza wanamwagwa mezani wakiwa bado wanang'aa. Mgeni wa bara aliyezoea samaki wa maji baridi huduwaa akiona aina zilivyo nyingi. Mfundishe kuangalia macho ya samaki yawe angavu na mashavu ya ndani yawe mekundu. Ukishanunua, wapo vijana wa kupara magamba na kutoa matumbo kwa malipo madogo, na hatua chache mbele wapo wakaangaji wenye makarai makubwa. Samaki aliyenunuliwa sasa hivi, akakaangwa mbele yako, akaliwa kwa mkono na kachumbari na ndimu: sijui utangulizi bora wa jiji hili.

Kunduchi ni ndogo na tulivu zaidi. Ni kijiji cha wavuvi upande wa kaskazini ambacho jiji limekizunguka pande zote nacho kikabaki na ngalawa zake. Ukiwa na mgeni asiyependa makelele, au watoto ambao ungepata shida kuwalinda kwenye msongamano wa Feri, Kunduchi inafaa. Ina faida nyingine ambayo wenyeji wengi hatuijui: magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, ushahidi kwamba biashara ya bahari ilikuwepo hapa kabla Dar es Salaam haijaitwa Dar es Salaam.

Bado ningeanza na Feri. Harufu ni kali na chini ni maji matupu, hivyo avae kandambili anazoweza kuziosha. Akikunja uso dakika tano za mwanzo usimwondoe, mpe muda.

Kariakoo, Karume au Mlimani City

Mlimani City ilifunguliwa 2006 na ina raha zake: kivuli, maegesho, choo kisafi, sinema. Kama mgeni amechoka na joto la Februari, mpeleke akapumzike. Lakini asije akaondoka akidhani hilo ndilo soko la Dar.

Soko ni Kariakoo, na Kariakoo ni mtaa mzima. Wengi wanalifahamu jengo lenyewe la soko kuu, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli ya miaka ya 1970, lenye paa la zege linalofanana na miavuli iliyopangwa kwa safu. Moto uliliunguza Julai 2021, lakini biashara ya eneo haikuwahi kuishi ndani ya jengo hilo peke yake. Iko kwenye mitaa: Kongo kwa nguo na vurugu zake zote, Aggrey kwa simu na vifaa vyake, Msimbazi kwa karibu kila kitu. Wafanyabiashara wanafika hapa kutoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni kununua mzigo wa jumla, na mgeni akitega sikio atasikia Kiswahili cha lafudhi tano kwenye duka moja.

Kariakoo ina masharti. Mpangie mgeni kitu kimoja cha kununua, kanga tuseme, ili mwende na lengo. Anayekwenda kuzurura tu huchoka haraka. Pochi iwe mbele, hereni na mkufu vibaki nyumbani. Bei ya kwanza isikubaliwe, na majadiliano yaanze kwa salamu kamili, maana muuza duka aliyesalimiwa vizuri hushusha bei kwa moyo. Kwa kanga, mwache mgeni asome majina yenyewe moja baada ya jingine. Hapo ndipo muda unapotea kwa furaha. Jumamosi mchana epuka. Jumanne au Jumatano asubuhi panapitika.

Na Karume, pale Ilala? Hapo ni kwa mgeni kijana anayependa mitumba. Wanaojua hufika mapema, marobota yanapofunguliwa, kwa sababu nguo za daraja la kwanza huondoka kabla jua halijapanda. Mzee wa heshima aliyekuja kutibiwa Muhimbili usimpeleke Karume.

Ukitoka Kariakoo na njaa, kula kwa mama lishe. Wali wa nazi, maharage, mchicha na kipande cha samaki, mmekaa kwenye benchi moja na fundi na karani. Jioni mtaani kwako mpe chipsi mayai, kwa sababu akirudi kwao ataulizwa.

Usafiri, kwa kifupi

Mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi 2016 yakiwa na njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro, ndiyo njia ya kuwahi. Bodaboda ni ya dharura, na bila kofia ngumu kichwani kwa mgeni wako mwambie dereva aendelee na safari zake. Daladala ndiyo shule. Mpandishe walau mara moja, mchana usio na msongamano, kwenye njia fupi. Mwonyeshe rangi ya mstari ubavuni inayotambulisha njia, konda anayegonga bati kumpa dereva ishara, sauti ya "shusha!" na namna nauli inavyopitishwa mkono kwa mkono kutoka siti ya nyuma hadi kwa konda, na chenji inavyorudi kwa njia hiyohiyo bila kupotea hata shilingi. Saa ya jioni, watu wanapoingilia madirishani kugombea gari la Mbagala au Gongo la Mboto, mwache aangalie kutoka kituoni.

Makumbusho mbili, na nyumba moja

Hapa uchaguzi unategemea nani umempata.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ni ya mgeni mwenye subira ya kusoma. Historia ya binadamu wa kale, pamoja na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, vitu vya Kilwa, ukoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza, hadi Uhuru. Saa moja na nusu inatosha, na Bustani ya Mimea iko pembeni kwa kupumzika.

Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ni cha mgeni mwenye watoto na mgeni aliyezaliwa ughaibuni. Nyumba za jamii mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo ambao ardhi hii ni yao. Unainama kuingia, unaona mwanga unavyopungua, unasikia ubaridi wa udongo. Mtoto aliyekulia Ulaya ambaye babu yake ni Mgogo, akisimama ndani ya tembe, huuliza maswali ambayo kabati la kioo lisingeyaleta. Mwisho wa wiki mara nyingi kuna ngoma. Kati ya hizo mbili, kwa familia, nachagua Kijiji, ingawa ni kweli kwamba wakazi wengi wa Dar wanalijua jina Makumbusho kwa sababu ya stendi ya daladala tu.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ya zote mbili ni ndogo na haitajwi sana: nyumba ya Mwalimu Nyerere, Magomeni, alikoishi miaka ya 1950 baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu ili aifanye kazi ya TANU muda wote. Ni nyumba ya kawaida kabisa kwenye mtaa wa kawaida kabisa. Mgeni akitoka hapo akapita mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, atakuwa amepata historia ya Uhuru wa Tanganyika kwa nauli ya bajaji.

Vinyago vya Mwenge au michoro ya Tingatinga

Kwa anayetaka zawadi ya kurudi nayo kwao, Mwenge kuna wachongaji wa Kimakonde wanaofanya kazi papo hapo. Tingatinga wako eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, wakiendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini aliyechora kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya ubao mwembamba, na aliyefariki 1972 akiwa amechora kwa miaka michache tu.

Kinyago cha mpingo ni kizito, na mgeni wa ndege anahesabu kilo. Mchoro unakunjwa ukatoshea begini. Kwa hiyo Tingatinga ni rahisi zaidi, ila Mwenge ndiko mtu anakomwona fundi akitafuta sura ndani ya gogo, na hilo lina thamani hata asiponunua. Akinunua, msaidie: mpingo wa kweli hauhitaji rangi. Geuza kinyago, tazama chini yake. Mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu hujisema wenyewe hapo, na uzito wake pia husema.

Bahari: Coco, Mbudya au Bongoyo

Watu husema "nimempeleka beach" kana kwamba bahari ni moja. Hizi ni bahari tatu tofauti.

Coco Beach, Oysterbay, Jumapili jioni, ni mkutano wa jiji. Mihogo ya kukaanga na pilipili na kachumbari, mishikaki, madafu, watoto wa Manzese na watoto wa Masaki kwenye mchanga mmoja, hakuna kiingilio. Kuogelea sikushauri sana: kuna miamba, na maji yakiwa yanatoka huvuta. Coco ni ya kula na kutazama watu.

Mbudya ni ya kuogelea. Boti zinaondokea upande wa Kunduchi, safari ni fupi, na kisiwa kina mchanga mzuri, vibanda vya makuti na samaki wa kuchoma. Bongoyo inafikiwa kwa boti kutoka Slipway, Msasani. Ina njia ya kutembea ndani ya msitu na inamfaa mgeni anayekaa upande huo wa mji na hataki kupambana na foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Visiwa vyote viwili viko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna ada ya kuingia juu ya nauli ya boti, na asiye raia hulipa zaidi. Jambo ambalo wengi hawaliulizi kabla ya kupanda ni maji. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, ufukwe wa Bongoyo hupungua sana na mnajikuta mmebanana. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Na kipindi cha kusi kikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, mgeni mwenye kichefuchefu abaki nchi kavu.

Hapa nakiacha kile kipimo changu cha mwanzo: wakazi wengi wa Dar hawajafika Mbudya, na bado ningempeleka mgeni, nikienda naye na watoto wa mtaani kwangu ambao nao hawajafika. Siku ikiwa moja tu, basi Coco.

Usiku: dansi au singeli

Ukiwa na mgeni aliyevuka miaka arobaini, tafuta Msondo Ngoma au Sikinde, bendi mbili zilizogawanya mashabiki wa jiji hili kwa kizazi kizima. Msondo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikapita majina ya JUWATA na OTTU. Sikinde, yaani Mlimani Park, iliundwa 1978. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba kwenye zote mbili, na mpaka leo ukitaka ubishi wa saa nzima uliza mezani sauti yake ilikuwa tamu zaidi upande upi. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki hiyohiyo wanapiga ukumbi gani. Mgeni ataona watu wazima waliovaa vizuri wakicheza taratibu, mume na mke, na mashairi ambayo ukumbi mzima unayajua.

Kijana atataka singeli, muziki wa kasi uliotoka Manzese, Tandale na Mburahati. Nenda naye mkiwa na mwenyeji wa mtaa husika, na mkubaliane saa ya kuondoka kabla hamjafika.

Mpira: dabi au mechi ya kawaida

Kila mgeni anataka dabi. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, nusu kijani na njano, nusu nyekundu na nyeupe. Ni kweli hakuna siku jiji linakuwa hai kama hiyo. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza ningechagua mechi ya mojawapo ya timu hizo dhidi ya timu ya mkoani. Tiketi zinapatikana bila mbio, unakaa unapotaka, unaweza kumweleza nani ni nani, na shabiki wa jirani ana nafasi ya kuongea naye. Kwenye dabi unaingia uwanjani saa nyingi kabla ya mchezo, jua kali, na kutoka ni kazi nyingine. Mgeni anarudi na uchovu mwingi na mpira kidogo. Dabi mwonyeshe kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kutazamia mpira kwenye runinga, cha mtaani kwako, ambako utani ni wa karibu na waliofungwa hawana pa kujificha.

Mkienda uwanjani, angalia nguo zake kabla hamjatoka nyumbani. Shati jekundu lisiloandikwa chochote, ukikaa nalo katikati ya Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, litasomwa kama tamko, na atakayejibu maswali ni wewe mwenyeji.